Gari Ambalo Dada Alimkagulia Mjomba

Dada yangu hukagua magari yaliyotumika, na kazi hiyo imemharibu kabisa. Hata kitanda kipya kilipoletwa nyumbani alianza kulala chini yake, tochi mkononi, ndipo akalala juu.

Mjomba wetu alikuwa dereva wa wakubwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu: gari la saluni la kifahari, la ukubwa wa kati, lenye mbio, lake mwenyewe. Akaliona kwenye yadi ya magari, jeusi, viti vya ngozi, akashindwa kulala. Mkewe akatoa sharti: bila sahihi ya Dada, kiinua mgongo hakitoki benki.

Dada ana mwiko mmoja. Mnunuzi haji kwenye ukaguzi. "Mtu akipenda, chongo huita kengeza," anasema. Basi Mjomba akaachwa nje ya geti, akichungulia kama bwana harusi aliyewahi mno, nami mdogo mtu nikaingia kushika daftari.

Dada akaweka kiganja juu ya boneti.

"Umeliwasha leo," akamwambia muuzaji.

"Nililisogeza kidogo tu, mama."

"Basi tunangoja lipoe. Gari likipashwa moto linaficha kikohozi."

Tulingoja saa nzima kwenye viti vya plastiki, muuzaji akitusifia rangi. Lilipopoa, Dada alipitisha sumaku kwenye milango yote, maana penye puti ya kuzibia bati lililobonyea haishiki. Akavuta mikanda ya viti mpaka mwisho, akainusa kujua kama imewahi kulowa mafuriko. Akafuta kijiti cha oili kwa kitambaa cheupe. Kisha tukaenda mwendo mrefu, redio imezimwa, na mimi nimekatazwa hata kupiga chafya. Gia zilibadilika bila kushtua. Dada alirudi amenuna, kwa sababu hakupata kosa, naye hupenda kupata japo moja.

"Mwite Mjomba," akasema, akitoa kalamu.

Mjomba akaja upesi upesi, akazama kwenye kiti cha dereva, akashika usukani, akafumba macho. Kisha akataka kutoka. Mguu wa kwanza ukakubali, wa pili ukagoma, akarudi chini puu. Akajaribu tena. Puu. Lile gari liko chini, na magoti ya Mjomba si ya leo. Muuzaji akaanza kutazama mawingu. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka.

Dada hakucheka. Alikuwa amekagua kila kitu isipokuwa mtu atakayelikalia, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfungia nje. Akarudisha kalamu mfukoni.

"Mjomba, nisamehe, kosa ni langu. Gari ni zima, lakini siwezi kusaini. Kila ukifika mahali utahangaika hivi?"

Mjomba alikuwa bado kitini, jasho linamtoka, anatabasamu.

"Sikiliza, mwanangu. Miaka thelathini na moja, gari likisimama tu, mimi nishatoka, nishazunguka, nishashika mlango wa mtu. Hili ni langu. Haraka ya kutoka ni ya nini?"

Dada akatoa tena kalamu mfukoni. Akachukua daftari kwangu, akaliweka juu ya paa la gari, akatia sahihi. Kisha akazunguka upande wa dereva, akamshikia Mjomba mlango.