Kaseti Niliyoisifu Ofisini

Nimechoka kuwabembeleza watu waupende muziki wangu, na Ijumaa iliyopita nilipata sababu ya kuacha. Ofisini kwetu Dodoma alihamia Rehema kutoka Dar es Salaam, nami nikatamani walau yeye awe mwenzangu wa kusikiliza. Baada ya chai niliweka kwenye redio kaseti ya vijana wanaochanganya zeze na vyuma chakavu. Nilikuwa nimeisahau kwa mama, kijijini Gulwe, naye alikuwa amenirudishia siku chache kabla kupitia jirani aliyepanda treni.

Ikasikika miti ikigongana, kuku akalia, kisha kimya kirefu. Sikuukumbuka wimbo huo, ila niliona aibu kukiri.

"Hawajaanza tu, kaka?" Rehema akauliza.

"Ndiyo muziki wenyewe, dada. Sikiliza upweke wa nyanda hizi."

Akafumba macho. "Kweli," akasema taratibu, "nausikia."

Miaka yote nilikuwa nikilisubiri neno hilo. Ndipo mama akakohoa ndani ya redio.

"Mwanangu, hujambo? Nilikosa kaseti ya kukurekodia salamu. Hii ilikuwa na makelele matupu, nimeyafuta."