Meli ya Tatu Gatini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikija kusahau jina langu, hiyo sitaisahau. Magoti yangu huikumbuka kabla ya kichwa. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, tayari nina wajukuu wawili, lakini mimi nakwambia nilikuwa kijana. Ujana hauko kwenye mifupa tu, uko na kwenye kiburi, na kwa kiburi nilikuwa kama mwari wa miaka kumi na saba.

Nikueleze kwanza nilivyokuwa, usije ukapotea kama nilivyopotea mimi. Chuo cha Kurani nilisoma nikahitimu, herufi za Kiarabu nazijua vizuri. Skuli nilikaa mwaka na nusu, baba akanitoa nikalee mapacha. Basi herufi za Kizungu zikanipita hivyo. Nikaja London, nikazaa wanne, nikawalea wote, sijui kusoma hata jina la mtaa wangu. Utaniuliza, uliishije? Kwa macho. Basi la abiria nalijua kwa namba. Daktari namjua kwa mlango wake wa buluu. Dukani najua picha, na kopo la chakula lenye picha ya paka sikununua, akili ninayo. Fomu ikija mbele yangu nasema, "Nimesahau miwani nyumbani." Miwani ile, mwanangu, ilisahauliwa nyumbani miaka ishirini. Aliyejua ni marehemu mume wangu peke yake, akaenda na siri yangu kaburini. Ndivyo nilivyodhani.

Tulikuwa na kikundi cha kina mama hapa mtaani kwetu Woolwich, tunakutana Ijumaa. Siku moja tukaamua twende China, tukaitembee kwa meli na kwa treni. Watu wakatucheka. "Mnafuata nini huko, wazee wazima? Vitu vya China si vimejaa hapo sokoni?" Mwenyekiti wetu, Bi Mwanaidi, mwanamke mwenye ulimi, akawajibu, "Tunakwenda kuwaona wenyewe wenye navyo." Tukaondoka kumi na wawili.

Na miongoni mwetu alikuwamo Bi Salma. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mtu wa Pemba kama mimi, mfupi, mpole, macho yamepungua nuru na sukari inamsumbua, kila siku anajidunga sindano. Mimi ndiye niliyepewa kulala naye chumba kimoja, nimshike mkono. Nami nilijisifu kwa hilo.

Sasa sikia ajabu. Tulipofika China, wenzangu wote waliokuwa wakisoma barua na magazeti wakawa kama mimi! Maandishi yamejaa ukutani hakuna ajuaye hata moja. Wao walibabaika, mimi nikawa nyumbani. Kule mji wa Xi'an tulipotea kwenye vichochoro vya soko, wasomi wetu wamesimama njia panda wanageuza ramani kama chapati. Mimi nikasema, "Nifuateni." Tulipita kwa muuza makomamanga, tukakunja kwenye mlango wa simba wawili, tukapita penye nguo nyekundu zilizoanikwa. Tukatokea hotelini. Na ndani ya msikiti wao wa kale, uliojengwa kama nyumba za Kichina, nilikuta aya zimechongwa kwenye mbao, nikazisoma kwa sauti, wenzangu wakatoa machozi.

"Rukia ana dira kichwani!" akasema Bi Mwanaidi mbele ya watu.

Mwanangu, sifa ni kama tembo la mnazi, ikikulevya huoni shimo. Tangu siku ile nikatembea mbele ya kila mtu, mpaka mbele ya msichana wetu wa kutuongoza, Mei, mwenye mwavuli wake wa manjano.

Kutoka mji wa Chongqing tukapanda meli tushuke na Mto Yangtze. Mto mpana, maji yake rangi ya chai ya maziwa, milima imesimama huku na huku kama inataka kukuuliza ulikotoka. Siku ya pili tukatia nanga kwenye mji mdogo wenye hekalu juu ya kilima. Kule, meli hufungwa ubavu kwa ubavu. Yetu ilikuwa ya tatu kutoka gatini, basi ili kushuka ilibidi tupite ndani ya meli mbili za watu wengine. Mei akatugawia kadi, kila chumba moja, imeandikwa jina la meli na simu yake. Akasema, na Bi Mwanaidi akatafsiri kwa Kiswahili safi: "Meli huwa zinahamishwa. Msitazame ilipokuwa, tazameni jina kwenye kadi. Saa kumi na moja tunang'oa nanga."

Mimi kadi nikaitia mkobani bila kuitupia jicho. Niitazame ya nini? Alama zangu nilikuwa nazo: meli ya tatu, maua mekundu ya plastiki mlangoni, zulia la kijani.

Katikati ya ngazi za hekalu Bi Salma akachoka. Alikuwa amejidunga sindano mchana, na chakula hakukila sawasawa kwa sababu kile kitoweo alikitilia shaka. Mei akataka kumrudisha mwenyewe. Nikaruka mimi.

"Nitamrudisha mimi. Njia naijua kama kiganja changu."

"Mwanangu, tungoje wenzetu," akasema Bi Salma.

"Wa nini? Twende zetu."

Tukashuka polepole, yeye ananishika bega. Mfuko wake wa biskuti ulibaki kwa Bi Mwanaidi, na simu yangu nilikuwa nimeiacha chumbani inachaji. Hayo yote niliyakumbuka baadaye.

Tulifika gatini saa kumi na nusu. Meli ya kwanza, tukapita. Ya pili, tukapita. Ya tatu, maua mekundu haya hapa, zulia la kijani hili hapa. Nikapanda hadi ghorofa yetu, nikafika kwenye namba yetu, kwani namba nazijua. Ufunguo haufungui. Nikaujaribu tena. Nikaupiga mlango teke. Mlango ukafunguliwa na mzee wa Kichina aliyevaa fulana ya ndani, mswaki uko mdomoni. Akanitazama, nami nikamtazama.

"Huyu anafanya nini chumbani kwetu?" nikasema.

Bi Salma akasema kwa sauti ndogo, "Rukia, labda sisi ndio tuko chumbani kwake."

Mara honi ikalia, mpaka vioo vikatetemeka. Nikachungulia chini: watu wawili wanafungua kamba, wa tatu ameshika ubao wa kuvukia, anauvuta. Astaghfirullah! Meli si yetu na inaondoka na sisi. Nilimkamata Bi Salma kiunoni, tukashuka ngazi, simwangalii hata kama miguu yake inagusa chini. Nikapiga kelele za Kipemba, za Kizungu, za kila namna. Yule mwenye ubao akatukemea, lakini akaurudisha. Tukavuka, huku nyuma maji ya chai yanafunguka kama mdomo.

Tukarudi gatini. Nikageuka kutazama mto. Meli zimejipanga, nyeupe zote, maua mekundu zote, mazulia ya kijani zote. Alama zangu zilikuwa za kila mtu.

Saa ya ukutani inasema kumi na dakika arobaini na tano.

Palikuwa na mwanamke wa bandarini, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, redio mkononi. Akatuona tunahangaika, akaja, akanyoosha mkono wazi: nipe. Alitaka kadi tu, maskini ya Mungu. Lakini mimi maisha yangu yote, kila mwenye sare aliyeninyooshea mkono alikuwa anataka nisome kitu au nijaze kitu. Nikamchekea. "No problem," nikamwambia, "no problem." Nikamvuta Bi Salma tukaenda kulia. Tukarudi kushoto. Yule mwanamke akatufuata, akanyoosha tena. Nikamkimbia tena. Nilikuwa mtu mzima, mwanangu, na nilikuwa namkimbia aliyekuja kuniokoa.

Nikahisi bega langu limekuwa jepesi. Bi Salma ameketi chini kwenye saruji. Jasho linamtiririka na upepo wa mtoni ulikuwa wa baridi. Mikono inatetemeka, midomo imepauka: sukari imemshuka.

"Rukia. Toa hiyo kadi."

"Kadi gani, Bi Salma? Subiri, meli naiona, ni ile..."

"Toa kadi. Huwezi kusoma. Nalijua siku nyingi."

Masikio yakaziba kama mtu aliyezama.

"Ulinisomea barua yangu ya hospitali ya macho," akasema, kila neno analivuta kwa kamba. "Ukaniambia Jumanne. Ilikuwa Jumatatu. Nikaikosa. Mwanangu aliponieleza nikamwambia nimesahau mimi. Nikakusitiri. Sikukutaja popote. Lakini nimekusitiri vya kutosha, Rukia. Aibu ni yako, sukari ni yangu. Usiniue kwa aibu yako."

Wallahi, nimewahi kupigwa na baba kwa mkwaju mbichi. Haikuuma hivyo.

Nilifungua mkoba, nikaitoa ile kadi, nikampa mwanamke wa kizibao. Nikamwonyesha Bi Salma, nikamwonyesha mdomo, nikafanya kama mtu anayekunywa. Yeye akaisoma kadi kwa nukta moja, akasema kwenye redio, huku mkono wa pili unapekua mfuko wake. Akatoa peremende mbili. Akamenya moja, akamtia Bi Salma mdomoni kama anayemlisha mama yake. Kisha akapiga ukelele, akaja mchukuzi mmoja wa pale, mwanamume mkavu mwenye shingo ngumu, akainama, akambeba Bi Salma mgongoni, tukakimbia. Meli yetu ilikuwa gati ya pili, nyuma ya kona, tusingeiona hata tungekuwa na macho kumi. Mei amesimama kwenye ubao analia, amekataa usiondolewe.

Chumbani, Bi Salma alikunywa chai yenye sukari vikombe viwili, rangi ikamrudia.

Sasa hapa ndipo pagumu, sikiliza vizuri. Wenzetu walikuja mbio, "Kulikoni? Mlipotelea wapi?" Na uongo wangu ulikuwa tayari, tena nusu yake kweli: meli imehamishwa! Si ilihamishwa? Nani angenilaumu? Ulimi ulishaufungua mlango. Nikamtazama yule bibi kizee aliyenifichia siri yangu kwa gharama ya macho yake, nikaona kwamba nikisema hivyo, nitakuwa nimemrudisha chini pale kwenye saruji.

Mezani, mbele ya wali na samaki, nikasimama. "Meli ilihamishwa, lakini si hilo. Kadi nilikuwa nayo mkobani. Mimi sijui kusoma. Nilikuwa naona haya kuitoa, na nusura nimuue Bi Salma."

Halafu Bi Mwanaidi, na ulimi wake ule: "Kumbe! Na ile miwani unayosahau kila Ijumaa?"

"Sina miwani. Macho yangu mazima kuliko yako."

Akacheka mpaka akakohoa, wengine nao wakacheka, na mimi machozi yananitoka ndani ya kicheko hicho hicho. Nilidhani siku nitakayoyasema maneno yale nitakufa. Sikufa. Nilikula samaki wangu wote.

Tulipobaki wawili Bi Salma akaniambia, "Na mimi nina kosa. Nilikufunika nikadhani nimekusaidia. Ningekuita siku ile ile ya barua, tukae sote wawili, nikwambie: najua, twende ukajifunze." Safari ikaendelea, treni mpaka Shanghai, majumba yamepanda juu yanakwaruza mawingu, lakini sikumbuki mengi ya huko. Niliporudi Woolwich niliingia darasa la watu wazima, mwalimu wangu mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Nilisoma. Polepole, kwa kidole, lakini nilisoma. Haya unayoyasoma nimeyaandika mwenyewe, herufi kwa herufi, na aliyetaka kunisahihisha nimemfukuza.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu sasa ninao tisa, mmoja mfamasia, usiniulize wangapi wana digrii maana nitakuchosha. Mmoja wao yuko chuo kikuu, na muhula mzima alikuwa haelewi anachofundishwa, hakumwambia mtu. Nikimuuliza hali ananijibu, "I'm fine, Bibi," na mlango anaufunga. Nilipojua, nilimkalisha nikamsimulia hadithi hii. Sasa nakusimulia na wewe.

Mwanangu, mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Usilolijua, liseme mapema, likiwa bado dogo, kabla halijapata mtu wa pili wa kumwangusha. Ungekuwa unapotea peke yako ningesema haya, potea, ni miguu yako. Lakini hakuna anayepotea peke yake. Yuko mtu amekushika bega. Na anayekunyooshea mkono, mtazame kwanza kabla hujamkimbia. Nawe ukiona mwenzio ana lake analolificha, usimwanike mbele za watu, wala usimfunike mpaka akaoza. Mwite pembeni, umwambie unajua, kisha ushike mkono wake uende naye.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuuliza. Akupe watu wa kukujibu bila kukucheka, na wakikucheka, akupe kifua cha kucheka nao. Akulinde na kiburi chako kabla ya kukulinda na maadui. Nenda, mwanangu, radhi zangu ziko nawe, wazi kama mchana.