Siku Genge Lilipoingia Mtaani

Nyumba yetu iko mbele ya Kwa Mrombo, kule lami inakokoma na vumbi kuanza. Tulinunua kiwanja pale kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu, na mimi nilikipendea dirisha la jikoni hata kabla halijajengwa. Asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Meru unakaa kwenye dirisha lile mzima mzima, kuanzia kileleni mpaka kwenye migomba. Mume wangu ni dereva wa watalii. Aliniambia wageni wake wanavuka bahari kuja kuuona mlima huo, mimi nitauona bure nikiosha vyombo. Nikafurahi sana. Hakuna aliyenikumbusha kwamba mlima hauliwi.

Maana mboga karibu zote za mji huu zinatoka kwenye miteremko ile ile niliyokuwa naitazama, lakini zilikuwa zinatupita. Zilikwenda masokoni, zikaishia Kwa Mrombo, huku kwetu hazikufika. Maduka tulikuwa nayo, tena mengi, ila ukiingia moja umeingia yote: soda, biskuti, tambi, mafuta ya kupima, sabuni na vocha. Ukiulizia nyanya, mwenye duka anakusogezea beseni lenye nyanya chache zilizokunjamana kama zimegombezwa. Genge la mboga halikuwepo hata moja. Ukitaka mchicha unamtuma bodaboda, na mvua ikinyesha bodaboda naye hataki kusikia habari za barabara yetu. Mimi ni mwalimu, natoka asubuhi na mapema na kurudi jioni, kwa hiyo tulikula ugali na dagaa, kesho maharage, keshokutwa tambi. Tulizoea. Mtu akizoea huona ndivyo dunia ilivyo.

Halafu akaja mama yangu.

Mama alikuwa anaishi peke yake kwetu Kilimanjaro, katikati ya migomba yake. Magoti yalianza kumsumbua, siku moja akateleza shambani na kukaa chini kwenye tope mpaka jirani alipopita. Aliponisimulia alicheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda kumchukua mwenyewe, nikamwambia anakuja kututembelea, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba harudi tena kukaa peke yake. Alipanda gari na begi lake la shangazi kaja, lile la miraba, limejaa mpaka zipu inalalamika.

Wiki ya kwanza alikuwa mgeni mwema. Alikula alichopewa. Wiki ya pili akaanza kufungua sufuria kabla sijapakua, anatazama, anafunika. Alipanda sukuma wiki nyuma ya nyumba, akazimwagilia maji ya kuoshea vyombo, zikaota vizuri tu, na mbuzi wa jirani yetu mfugaji wakazila zote kwa asubuhi moja. Jirani alikuja kuomba radhi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mama aliyapokea kwa heshima zote, akayanywa, kisha jioni akaniita sebuleni.

"Mwanangu, nimekaa nimeshiba upendo," alisema. "Sasa unirudishe nyumbani. Mimi siwezi kuishi mahali ambapo hata mchicha unapanda bodaboda."

Nilimwambia kuna hospitali karibu, kuna wajukuu, kuna umeme. Akanijibu kwamba hayo yote ni mazuri lakini hayaungwi nazi. Begi la shangazi kaja likatoka chini ya kitanda, likakaa karibu na mlango wa chumba chake. Kila siku niliporudi kazini nililiona limeongezeka kitu. Niliumia, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Angebaki kwangu angekula nini?

Jumamosi nilimpeleka sokoni Kwa Mrombo, angalau ale vizuri kabla hajaondoka. Tulikuwa tunapita kwenye mboga za majani, mama kanishika mkono, ghafla akasimama. Mwanamke mmoja wa Kimeru, aliyekaa kwenye gunia katikati ya mafungu ya mnafu, alikuwa anamfokea mtu kwenye simu kwa lugha yake. Mama akaingilia kati kwa Kichaga. Kimeru na Kichaga ni kama mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba: wanafanana pua, ingawa kila mmoja anaona mwenzake anaongea ovyo. Yule mama alikata simu, akamtazama mama yangu, akacheka. Mama naye akakaa kwenye gunia la jirani bila kukaribishwa, magoti na yote. Nilizunguka soko zima, nikarudi, bado wapo, kila mmoja kwenye lugha yake, na Kiswahili wanakitumia pale tu wanapobishana.

Walichokuwa wanabishania nilikijua baadaye. Mama alikuwa anamtaka alete mboga mtaani kwetu. Yule muuzaji aliniuliza mimi, kama vile mama ni mtoto niliyempoteza: "Dada, huko kwenu kweli kuna watu? Mimi nipakie mzigo kwenye guta la magurudumu matatu, nile vumbi lote hilo, halafu ninunuliwe na nani?" Nikamwambia watu wapo. Akafikiri, kisha akamgeukia mama na kumwahidi kwamba atakuja mara moja tu, Jumatano. Akiona wateja atarudi. Asipowaona, wasilaumiane.

Begi la mama halikuongezeka siku ile wala iliyofuata, na mimi nikajua kwamba naye anaisubiri Jumatano.

Jumatano nikiwa shuleni, kati ya kipindi na kipindi, mama akapiga simu. Guta limefika. Limejaa mnafu, figiri, kabichi, karoti, vitunguu, maparachichi, hata ndizi mshare za kupikia supu ya mtori. Limesimama mbele ya geti letu na hakuna hata mtu mmoja, kila nyumba imefunga mlango. Jua linapanda, majani yanaanza kulegea, na mwenye mali anatazama njia aliyotokea. Sauti ya mama ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

Kengele ilikuwa inakaribia kulia. Nikafungua grupu la simu la mtaa wetu. Sasa ieleweke, grupu lile lina habari za aina moja tu: wezi. Wezi wamechukua kuku, wezi wameonekana korongoni, wezi wamekata waya. Mimi nikaandika haraka haraka: "Jamani, genge limeingia mtaani. Liko kwangu getini sasa hivi na mama yupo peke yake. Naombeni mkimbie kabla halijaondoka."

Mjumbe wetu, mwanajeshi mstaafu anayejibu kila kitu kwa kifupi, akaandika: "Wamebeba nini?"

Nikamjibu: "Kila kitu."

Kengele ikalia. Nikatupa simu kwenye droo nikaenda kufundisha.

Yaliyofuata nayajua kwa mdomo wa mama, na mama hajawahi kuisimulia hadithi hii mara mbili kwa namna moja. Kila akiisimulia, watu wanazidi na marungu yanarefuka. Lakini majirani wote wanakubaliana kwamba filimbi ya mjumbe ilisikika kwanza. Milango iliyokuwa imefungwa ikafunguka yote kwa pamoja. Mjumbe alitokea kona ya juu na rungu mkononi. Yule jirani mfugaji akatokea kona ya chini na sime. Kina mama walikuja na michi ya kutwangia, na fundi seremala na msumeno, sijui alitaka kumkata nani. Wakazunguka guta. Katikati wakawakuta wanawake wawili wamekaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta wangu, wanafunga mnafu kwenye mafungu.

Mjumbe akabaki na filimbi mdomoni. Kisha adabu ikamshinda, akaiondoa, akaweka rungu kwapani na kuinama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," mama akamjibu. "Umekuja na rungu kununua mchicha?"

Wanasema mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka guta lote. Mjumbe hakucheka. Alijikohoza, akauliza fungu la mnafu ni bei gani, akanunua, tena akachagua kwa makini kama aliyetumwa na mkewe. Baada ya hapo nani angerudi nyumbani mikono mitupu? Michi iliegemezwa ukutani. Watu walijaza kanga, walijaza kofia. Jirani mfugaji, ambaye siku zote hutuambia majani ni chakula cha mbuzi, aliondoka na kabichi mbili kwapani akidai ni za mbuzi. Mama alisimama pembeni ya guta akisimamia haki: kila mara muuzaji alipofunga fungu, mama alidai nyongeza kwa ajili ya mnunuzi, na muuzaji alipolalamika, mama alimtetea muuzaji.

Lilipobaki gunia tupu, yule mama wa Kimeru alimuuliza mama yangu kama siku zote watu wa huku huenda gengeni na silaha. Mama akamwambia ni kwa sababu ya njaa.

Nilipofungua droo mchana nilikuta simu imejaa. Nilisoma, nikakaa chini, nikajifunika uso kwa daftari la mwanafunzi na kucheka mpaka mwalimu wa zamu akaniuliza kama kuna msiba. Lakini njiani kurudi kicheko kiliisha. Niliwaza pengine yule muuzaji ameogopa. Niliwaza begi.

Nyumbani nilipokelewa na harufu ya mtori. Nikapita moja kwa moja mpaka chumbani kwa mama. Pale karibu na mlango hapakuwa na kitu. Nikamkuta jikoni, anakoroga, mlima uko nyuma yake dirishani.

"Mama, begi lako liko wapi?"

"Limekwenda mlimani," alisema bila kugeuka. "Magunia ya mwenzangu yalikuwa yametoboka, nikampa alibebee mshare. Litarudi Jumamosi."

"Na nguo zako?"

"Nimezipanga kabatini. Sasa ningeziweka wapi?" Akaonja mtori, akaongeza chumvi. "Mtu hawezi kusafiri bila begi, mwanangu. Leta bakuli."

Nilileta bakuli huku nalia, na mama akajifanya haoni. Jumamosi begi lilirudi limejaa ndizi. Mama alilimwaga sakafuni, akalikung'uta, akalirudisha kwenye guta.