Kuku wa sadaka aliyekataa kuhama, na bahili wetu wa Changamwe

Hamjambo wakuu. Bibi yenu nachapa kwa kidole kimoja, msiniharakishe. Shule niliiacha mapema, lakini majina hayanipotei, na haya niliyaona kwa macho yangu.

Siku hizi mtu akituma sadaka kwa simu, screenshot yafika kwenye grupu kabla pesa hazijafika kanisani. Haya. Ngojeni niwape ya Mzee Yohana Chengo.

Ilikuwa Changamwe, wakati wa vita vile vikuu. Baba yangu, Kalume, alichukuliwa jeshini, akapelekwa Bama, ndiyo Burma, kupigana na Wajapani. Mama yangu, Kadzo, alibaki na sisi watoto na kuku mmoja kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Mayai yake ndiyo yaliyotununulia chumvi na mafuta ya taa.

Kanisani kwetu, sikukuu ya mavuno, asiye na pesa alileta alicho nacho: muhogo, nazi, kuku. Ibada ikisha, vitu hunadiwa uwanjani, pesa zaingia sadakani.

Mama akambeba kishingo. Tukalia.

"Nyamazeni! Mungu amlinda baba yenu mpaka leo, nimpe majani?"

Jirani yetu Mzee Yohana alikuwa msokota kamba za makumbi ya nazi. Kila Jumapili alitia kapuni senti moja yenye tundu. Paulo Mwangome, kuli wa bandarini, hakumwacha: "Mzee, leo umetia tundu tu, senti umeiacha nyumbani?"

Mnada ukaanza. Paulo akasema thumuni, yaani nusu shilingi. Mzee Yohana, hata hakuinuka: "Shilingi mbili."

Wakuu, mara nne ya bei ya Paulo!

Akaenda naye. Jioni, kishingo huyo jikoni kwetu! Kwetu kila mtu ajua kuku mgeni hufungwa mguu mpaka azoee. Mama akamrudisha. Kesho yake jioni, karudi tena. Ikawa ndiyo desturi.

Mayai aliyotaga kwetu mama aliyaweka kando. "Si yetu, ni ya Mzee." Chumvi ikaisha, twala mchicha usio na ladha, na mayai twayatazama.

Mtaa mzima wacheka: "Msokota kamba aona uchungu wa kamba!"

Mwisho mama akachoka. Akabeba kuku, mayai, na kipande cha kamba, nami, Dama wake, nyuma yake.

"Shikamoo Mzee. Kuku wako, mayai yako, na kamba nimekuletea."

Mzee akageuka, akazitazama kamba zake zilizojaa ukutani, kisha akamtazama mama.

"Marahaba. Mama Dama, mimi ndiye wa kuletewa kamba?"



"Wewe umetoa kuku, mimi nimetoa pesa, Mungu kapata chake. Sasa kuku mwenyewe ataka kulala kwako, nimpige? Chukua na hayo mayai. Nami usinijazie watoto mlangoni!"

Akafunga mlango.

Njia nzima mama alijifuta macho kwa leso, asema ni vumbi. Na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Jumapili Mzee akatia senti yake yenye tundu. Paulo akacheka. Mama akafungua mdomo amtetee, Mzee akamkazia jicho, mama akaufunga.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nami naongeza: kapu la kanisani halioni yote, na grupu lenu pia halioni.

Haya wakuu, nani aliwahi kuwasaidia huku akiwagombeza? Andikeni hapo chini, na jina lake mlitaje. Mzee Yohana hakutaka kutajwa, lakini sasa yu kaburini, hawezi kunifungia mlango.