Mistari Mitano ya Embaire

Nakumbuka Jumamosi moja pale Mpumudde, Jinja, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nikiwa na kisu cha seremala mkononi na hakika kubwa moyoni. Mwanangu, leo naishi Malukhu, hapa Mbale, na magoti yangu yameanza kuchagua njia za kupita. Namshukuru Mungu ameniachia kumbukumbu hiyo, ingawa inaniaibisha.

Baba yangu alikuwa askari magereza kutoka kaskazini. Tulikulia katika nyumba za magereza, ambako watoto wa makabila yote tulielewana kwa Kiswahili. Kanisani katekista alinifundisha do-re-mi, kisha akanipa kifilimbi kidogo cha kutafutia sauti. Ukikipuliza kinakupa do, nawe unaipitisha kwa kwaya. Basi nikajiona afande wa nyimbo. Mama mmoja akishuka chini kidogo katikati ya ibada, mimi huyo nimegeuka kumtazama.

Jirani yetu, Mzee Waiswa, Msoga wa pale pale Jinja, alikuwa na embaire. Kama hujaiona, ni mbao nene zilizolazwa juu ya mashina mawili ya migomba, na wapigaji huketi huku na huku wakizigonga kwa fimbo. Ina sauti tano tu. Kila sauti ina mbao yake kubwa, ya kati na ndogo. Mzee alikuwa ameipokea kutoka kwa baba yake. Mchungaji akamwomba aje kuisindikiza kwaya siku ya shukrani ya mavuno, naye akakubali kwa furaha, akanunua hata shati jipya.

Kwenye mazoezi, kila nilipopuliza kifilimbi, mbao zilijibu mahali pengine. Hii juu kidogo, ile chini kidogo. Nikaamua kwamba miti imezeeka.

Jumamosi ile Mzee Waiswa akaenda Iganga kwenye mazishi. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimewahi kumtazama fundi akifanya kazi hiyo: ukiikwangua mbao upande wa chini, katikati, sauti inashuka, ukikwangua ncha, inapanda. Nikaanza na sauti ya tatu. Nikakwangua, nikapuliza, nikagonga, nikakwangua tena. Nikishusha mno nahamia kwenye ncha, nikipandisha mno narudi katikati. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeziharibu mbao zote tatu za sauti ile, na ile kubwa ililia kama debe. Haikubaki hata moja ya kumwonyesha fundi sauti ya zamani ilikuwa wapi.

Mzee aliporudi, aligonga mara moja, akaiweka fimbo chini.

"Mutoto ya afande, ni wewe ulikata hii?"

"Ni mimi, mzee. Ilikuwa imepotea sauti."

"Imepotea? Ulijua ilikuwa inaenda wapi?"

Mpwa wake Tenywa, kijana wa rika langu aliyekuwa akipiga upande wa pili, akacheka kwa hasira. "Bwana fundi! Kesho atakuja kukwangua meno yetu, tuongee kama yeye."

Mzee hakucheka. "Baba yangu aliniachia sauti tano," akasema. "Sasa niko na nne. Hii filimbi yako inajua mambo yake. Mambo yangu ungeniuliza mimi. Si niko hapa? Nimekufa?"

Siku ya shukrani tuliimba bila embaire. Mzee Waiswa alikuja na lile shati jipya, akaketi benchi la nyuma. Nilikuwa naongoza kwaya, lakini macho yangu yalimwona yeye tu, vidole vyake vikigonga magoti polepole.

Hakunipeleka kwa baba yangu. Aliniambia nije kila Jumamosi, na kifilimbi nikiache nyumbani. Tulitafuta mti, tukaupasua, tukauacha ukauke miezi mingi. Ndipo akaanza kuchonga. Alifumba macho, akaivumisha kooni ile sauti iliyopotea, akagonga mbao, akaivumisha tena. Mimi nilishika mbao isicheze, sina ruhusa ya kusema neno. Zile Jumamosi, mwanangu, nazitamani hadi leo: harufu ya mti mbichi, Tenywa akinitania, na mzee akitafuta kwa koo lake kitu ambacho mimi nilikikata kwa asubuhi moja. Alipomaliza mbao ya tatu aliigonga, akasikiliza mpaka ikanyamaza kabisa.

"Labda ni hii," akasema.

Alifariki miaka michache baadaye akiwa bado na labda yake. Watu walicheza embaire ile kwenye arusi na sikukuu, wakafurahi, lakini mimi kila nikiisikia nilijiuliza: je, ile sauti tuliirudisha, au niliiua nikaweka nyingine mahali pake? Nimeipeleka kwenye maombi miaka mingi.

Mwaka huu Tenywa alinialika Jinja kwa ibada ya shukrani nyumbani kwake. Nikaenda na mjukuu wangu Akello, anayefundisha muziki shuleni Nakaloke. Ana programu kwenye simu inayochora sauti. Ukiimba, mstari unapita kiooni, ukipanda na kushuka pamoja nawe, na pembeni kuna majina ya noti. Ukiifikia noti, mstari ni wa kijani. Ukiikosa, ni mwekundu. Wanafunzi wake huona sauti zao kwa macho, na kweli wameimarika.

Watoto wa Tenywa walipoanza kupiga embaire ile ya mzee, Akello akainua simu. Baada ya muda akaninong'oneza, "Babu, tazama. Karibu zote nyekundu. Hii embaire imekosea."

Tenywa, mvi tele, akamsikia. "Simu yako imesomea wapi, binti? Busoga ama Ulaya?"

Watu wakacheka, na Akello akacheka pia. Mimi nikakikumbuka kifilimbi changu. "Yaondoe hayo majina ya noti," nikamwambia. "Utuachie mistari peke yake. Tenywa, wagonge zile kubwa, moja moja."

Akabonyeza hapa na pale. Mbao tano zikagongwa, na kioo kikabaki na mistari mitano, mmoja juu ya mwingine. Akello akaisogeza simu karibu na macho. Akachukua ukingo wa bahasha ya sadaka, akapima nafasi ya kwanza, akaisogeza hadi ya pili, ya tatu, ya nne.

"Babu, zinalingana," akasema. "Nafasi zote karibu sawa. Hata do-re-mi haiko hivi, maana mi na fa zimebanana."

"Na mstari wa tatu?"

"Umekaa katikati kabisa ya wa pili na wa nne, pale pale panapotakiwa. Kwa nini?"

Tenywa ndiye aliyemweleza ni nani aliyezichonga mbao zile, na ni nani aliyezishika. Kisha akaniwekea mkono begani, akasema, "Mjomba alipatia."

Mwanangu, simu hiyo itumie. Ni zawadi, nami imenipa jibu ambalo sikutegemea kulipata upande huu wa kaburi. Lakini rangi nyekundu inakuambia tu kwamba sauti hii haimo katika orodha iliyopewa simu. Haikuambii kwamba mwenye sauti amekosea. Kabla hujasahihisha kitu cha mtu, mfuate umuulize kimetoka wapi na kinakwenda wapi. Na kama umekwisha kukiharibu, nenda ukaketi karibu naye, ushike utakachoambiwa ushike, Jumamosi baada ya Jumamosi, hata kama hakuna anayekuahidi kwamba kitarudi.

Mungu akubarikie masikio yako na mikono yako. Akupe moyo wa kuuliza mapema, na wazee wako awaweke hai hadi utakapomaliza maswali yako. Amina.