Leso ya Mavyaa na Tundu la Kunguru

Kunguru hasahau sura. Hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Kikundi chetu cha akina mama, hapa Malindi, kiliamua kuwapunguza kunguru hawa wenye shingo ya kijivu, wageni waliotumalizia vifaranga na mayai ya ndege wa kwetu, hata kurumbiza hatumsikii tena. Tukapata tundu kubwa la waya: kunguru huingia kwa juu kufuata utumbo wa samaki, kutoka hawezi. Uwanja uliofaa ulikuwa mmoja tu, wa mavyaa wangu, mamake mume wangu, jirani na soko la samaki. Alikubali shingo upande.

"Hivi ni viumbe vya Mungu," alisema. "Mkiniletea balaa, tundu lenu litaondoka."

Kazi ya kuwatoa na kuwanyonga ilikuwa yangu. Siku ya tatu wakawa wamenijua. Nikitoka tu wananishukia kichwani, wananifuata mpaka sokoni wakinipigia kelele, na watu wanacheka. Wenzangu wawili waliingiwa na baridi, wakaacha. Mimi ni mkaidi wa kuzaliwa. Kushindwa na ndege nilikataa katakata. Nikaichukua kambani leso ya manjano ya mavyaa, bila kuomba, nikajigubika uso, kazi ikaendelea. Wiki nzima nilijiona mjanja.

Ijumaa mavyaa akajitanda leso yake aende kumjulia hali dada yake. Hakufika hata langoni. Kundi zima lilimshukia, akarudi ndani leso imechanika na utosi unatoka damu.

Nilijua tundu limekwisha. Nilimfuta damu, aibu imenijaa, nikamwambia ukweli wote.

"Nisamehe, Mama. Nitaliondoa leo hii."

Aliishika leso iliyochanika, akaitazama.

"Kwa hiyo ulikuwa ukiwaua na huku umejificha kwa leso yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Hapo ndipo ulipokosea, mwanangu. Na wao wamekosea. Ndege anizuie kutoka nyumbani kwangu?"

Akaifunga kiunoni leso ile ile iliyochanika, akatoka kichwa wazi mpaka kwenye tundu. Kunguru walijaa juu ya paa, wakapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Akawainulia uso.

"Nitazameni vizuri," aliwaambia. Kisha akanigeukia mimi. "Umesimama nini? Lete utumbo."