Laptopu ya Wifi

Chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa tatu, katikati ya kinyozi na duka la sare za shule, palikuwa na fundi wa kompyuta ambaye watu walimwita Sikio. Jina hilo alipewa na kinyozi, na lilimkaa. Kabla ya kufungua mashine yoyote aliiwasha kwanza, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye kifuniko chake, akaweka sikio kwenye mpini, akatulia kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana. Feni iliyochoka aliijua kwa mlio. Iliyojaa vumbi aliijua, na iliyomeza unywele nayo aliijua. Wateja walimwona mchawi kidogo, naye hakuwakatalia, maana mteja anayekuogopa kidogo hakuletei ujuaji.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye ulimi mwepesi. Ufundi aliuanzia kwenye mashine za kupiga chapa, na mashine hizo zilipokufa akahamia kwenye kompyuta bila kukaa matanga. Skrubu alizipanga kwenye trei la mayai, kila hatua na shimo lake, na wakati wa kufunga alirudi kinyumenyume. Miaka thelathini hakuwahi kubakiwa na skrubu hata moja. Mafundi wanaobakiwa na tatu halafu wanasema zilikuwa za ziada aliwacheka waziwazi.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba macho yalikuwa yakimwacha. Yalianza mwaka juzi, kama ukungu kwenye kioo cha dirisha, na kioo hakikupangusika. Maandishi madogo yalitangulia, mengine yakafuata. Tangu hapo alifanya kazi kwa vidole, kwa sikio na kwa mazoea, akawapita watu wote wenye macho yao. Hospitali hakwenda. Mama yake alikufa kipofu, na yeye aliogopa, basi. Isitoshe mumewe, mstaafu asiye na la kufanya, alikuwa na wimbo mmoja tu: funga duka upumzike, kinyozi anakitaka hicho chumba. Angejua habari ya macho, duka lisingemaliza wiki. Na Sikio bila duka angekuwa mtu wa kukaa nje ya nyumba kuhesabu wapita njia, ambao hata hivyo asingewaona.

Jumatano moja, baada ya chakula cha mchana, wifi yake alifika. Alikuwa dada wa mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kuongea kwa sauti ya darasani hata akiwa mbele ya mtu mmoja. Alitua laptopu juu ya meza kwa kishindo.

"Wifi, leo hata hujambo sikuulizi. Nina hasira."

"Hasira zako nimezizoea. Mgonjwa nani?"

"Huyu hapa. Imekuwa nzito kama gogo. Nabonyeza herufi, nakwenda jikoni, nachemsha chai, nikirudi ndiyo kwanza inaandika. Na moto wake sasa! Ningeweza kupigia pasi."

"Inalala wapi?" Sikio aliuliza. Swali hilo aliwauliza wote, kwa sababu nusu ya laptopu zinazochemka huwa zinawekwa kitandani au juu ya mto, zikazibwa pumzi.

"Mezani, kama ulivyoniagiza. Si uliisafisha wewe mwenyewe, miezi mitatu iliyopita? Nikaichukua, siku chache tu ikaanza. Ni huyu mkwe wangu. Nilimwazima siku moja aangalie mpira, kaniharibia."

Mkwe huyo, mume wa bintiye, alikuwa fundi bomba, mpole mpaka watu wakamwonea. Waliishi wote nyumba moja, na tangu Jumapili mama mkwe alikuwa hamsemeshi.

Sikio aliiwasha mashine, akaita orodha ya programu zinazojianzisha zenyewe. "Nisomee hizo," alisema, "mikono yangu ina mafuta." Mikono haikuwa na mafuta. Ilikuwa hila yake ya kila siku, na hakuna aliyewahi kuishtukia. Wifi alisoma kwa sauti, Sikio akazima tatu zisizo na kazi. Mashine haikubadilika. Akachukua bisibisi, akasikiliza. Feni ilizunguka vizuri, kwa kasi, wala haikuwa na vumbi. Akaweka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa: hewa ilikuwa baridi. Akapapasa chini ya mashine: moto.

Hapo akajua. Ubongo wa kompyuta hulaliwa na kibati cha shaba kinachobeba joto kulipeleka kwenye feni, na katikati yao hupakwa dawa nyembamba ili joto lipite. Dawa isipofanya kazi, joto hubaki pale pale, na mashine hujipunguzia mwendo isije ikaungua. Laptopu ya wifi haikuwa mvivu, ilikuwa inajiokoa. Na dawa ile aliipaka yeye.

"Nimemwambia mkwe," wifi aliendelea, "asiponipa laptopu nyingine, mezani kwangu asikae. Kasema atauza pikipiki. Mnunuzi anakuja leo saa kumi."

"Pikipiki si ndiyo anayofanyia kazi?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Atabeba mabomba kichwani, ashike adabu."

Sikio alifungua mashine kimya kimya, skrubu moja moja, kila moja na shimo lake. Aliinua kile kibati. Hakuona kitu, lakini harufu ilimfikia kabla hajainama: mnanaa. Akasugua kwa kidole, vikamong'onyoka vijichembe vikavu kama chaki. Ilikuwa dawa ya meno. Tangu alipowekewa jino la bandia alikuwa akipiga mswaki pale pale dukani baada ya kula, na kitubu chake, kidogo kama kidole, kilikaa droo moja na kitubu cha dawa ya joto. Kimoja hutoa nyeupe, kingine kijivu. Mtu yeyote anayeona angevitofautisha. Yeye siku ile alipapasa, akachukua, akapaka, akafunga. Afadhali hakupigia mswaki ile nyingine.

Aliona aibu ambayo hakuwa ameionja tangu alipokuwa mwanagenzi. Kisha, kama binadamu wote, akatafuta upenyo.

"Ni dawa tu, imekauka," alisema. "Hukauka yenyewe. Mkwe wako hana kosa."

"Ikauke kwa siku chache? Wewe ndiye uliyeniambia inakaa miaka. Basi kaiacha inawaka mchana kutwa mpaka ikakauka. Unaona? Ni yule yule!"

Hivyo uongo mdogo ulimkandamiza yule mkwe zaidi. Saa ya ukutani Sikio hakuiona, ila alisikia shule ya jirani ikipiga kengele ya saa tisa na nusu. Alifuta kidole kwenye kitambaa, akakinyanyua kile kibati.

"Wifi, nusa hapa."

Wifi alinusa. "Mbona dawa ya meno?"

"Nimeipaka mimi."

"Umepaka dawa ya meno kwenye kompyuta? Akili zako ziko wapi?"

"Akili zipo. Macho ndiyo hayapo. Nilichukua kitubu sicho kwa sababu sikukiona. Mwite mkwe wako, mwambie asiuze."

Sikio alimsikia wifi yake akisogea karibu. Halafu akahisi kitu kikipungwa mbele ya uso wake.

"Vidole vingapi?"

"Usinifanye mwanafunzi wako. Mkono nauona. Vidole sivioni."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Kwa hiyo harusini kwa binti yangu, uliposema nimependeza..."

"Nilisikia viatu vikilia, nikajua ni vipya."

Wifi alicheka kwa nguvu, hata mkasi wa kinyozi ukanyamaza kule upande wa pili. Alipomaliza kucheka alikuwa ameudhika, na kuudhika huko kulikuwa upendo. Alitoa simu.

"Mwanangu, pikipiki usiuze. Haloo? Nasema usiuze. Kosa si lako... Ndiyo, nimekosea mimi. Nimeshasema nimekosea, unataka nirudie mara ngapi?" Akakata.

Kazi iliyobaki waliifanya wawili. Wifi alisoma maandishi ya kila kitubu kwa sauti ya imla mpaka kilipopatikana chenyewe. Sikio alifuta dawa ya meno kwa pamba na spiriti, akaweka tone kama punje ya mchele, akalaza kibati, akarudisha skrubu kinyumenyume. Alipoiwasha, herufi zilifuata vidole vya wifi bila kuchelewa, na hewa ya tunduni ilitoka ya moto, kama inavyotakiwa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," wifi alisema akifungasha. "Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda hospitali ya macho."

"Na kaka yako?"

"Ataambiwa daktari akishasema, si kabla. Huenda ni mtoto wa jicho tu, wanamtoa, unarudi kazini."

"Na kama ni ule ugonjwa wa mama?"

Wifi alivuta kigoda akaketi, magoti yao yakagusana.

"Wifi," Sikio aliuliza, "hilo gauni ulilovaa ni la rangi gani?"

"Jekundu."

"Nilidhani jeusi," alisema Sikio, akalia.